Kabla ya kutafuta jibu la fumbo la sataranji, tazama hatua iliyolizaa

#1. Mwanzisha uzi

Ndugu zangu wapenzi wa sataranji, nimekuwa nikifumbua mafumbo ya mbinu, yaani mikao ya ubao ambamo unatakiwa kutafuta hatua bora, kwa miaka kadhaa, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliyafumbua vibaya. Sisemi kwamba nilikosa majibu. Majibu niliyapata, tena mengi na kwa haraka. Nilichokosa ni kujua kwa nini jibu lilikuwapo. Nimeanzisha uzi huu ili nieleze badiliko moja lililonisaidia, nalo ni hili: katika fumbo lililotolewa kwenye mchezo wa watu wa kawaida, somo kubwa limo katika hatua ya mwisho ya mpinzani, ile iliyofanya fumbo liwepo, kuliko katika hatua unayotakiwa kuitafuta.

Ili tuelewane, nitatumia majina haya ya kete: mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na kitunda, ingawa najua wapo wanaomwita askofu tembo na kitunda askari. Safu za wima ni a hadi h na mistari ya mlalo ni 1 hadi 8. Cheki ni mfalme kushambuliwa. Mati ni cheki ambayo mfalme hana pa kukimbilia wala wa kumkinga.

Wekeni ubao mbele yenu. Nyeupe anasogeza kitunda e4, Nyeusi anajibu kitunda e5. Farasi mweupe anakwenda f3, farasi mweusi anakwenda f6. Farasi mweupe anakula kitunda cha e5, na Nyeusi, akiona kwamba haki ni kulipiza papo hapo, anamtumia farasi wake kula kitunda cha e4. Malkia mweupe anasogea e2 na kumtishia farasi huyo. Nyeusi anamrudisha farasi f6. Sasa ni zamu ya Nyeupe, na fumbo limeiva.

Jibu ni farasi wa e5 kwenda c6. Anapoondoka, njia ya malkia wake inafunguka moja kwa moja hadi kwa mfalme mweusi aliyeko e8, kwa hiyo ni cheki. Wakati huohuo farasi mwenyewe anamshambulia malkia mweusi aliyeko d8. Cheki lazima ijibiwe kwanza, na hakuna jibu linalomwokoa malkia. Nyeusi akimkinga mfalme kwa askofu kwenye e7, farasi anamla malkia d8. Akimkinga kwa malkia mwenyewe, farasi anamlia hapohapo e7.

Wengi tunaishia hapo, tunapewa alama zetu na kuliita fumbo lijalo. Mimi naomba turudi nyuma hatua moja. Farasi mweusi alipokuwa e4, pamoja na kwamba alikuwa hatarini, alikuwa ukuta kati ya malkia mweupe na mfalme wake. Alipokimbia, ukuta uliondoka, na kilichobaki kwenye safu ya e ni farasi wa Nyeupe mwenyewe, anayeweza kuondoka wakati wowote kwa faida. Nyeusi aliulizwa swali moja, "farasi wako anashambuliwa, utafanyaje?", akajibu swali hilo tu. Hakujiuliza farasi wake alikuwa akifanya kazi gani nyingine pale alipokuwa. Kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe, katika mchezo huuhuu, zaidi ya mara moja.

#2. Mwanzisha uzi (inaendelea)

Huenda mtu akauliza kwa nini nisisitize michezo ya watu wa kawaida, ilhali michezo ya mabingwa imejaa mbinu za kupendeza. Sababu ni kwamba mabingwa wanapokutana wao kwa wao, mbinu nyingi hazifiki ubaoni. Mmoja anaona tishio hatua tatu kabla, mwenzake anajua kwamba limeonekana, na wote wawili wanaendelea kana kwamba halikuwapo. Anayeusoma mchezo huo bila mwalimu anaona kete zikisogezwa huku na huku, asijue kwamba kila hatua ilikuwa inafunga mlango fulani. Katika michezo yetu sisi milango inaachwa wazi, na ndiyo maana inaonekana.

Hata mchezo unaofundishwa kuliko karibu mingine yote ulichezwa dhidi ya watu wasio mabingwa. Mwaka 1858 Paul Morphy, Mmarekani, alicheza ndani ya jumba la opera mjini Paris dhidi ya Duke wa Brunswick na Count Isouard, waliokuwa wakishauriana kila hatua. Alimaliza kwa kumpeleka malkia wake b8 aliwe. Farasi mweusi wa d7 alilazimika kumla, na kwa kufanya hivyo aliiacha safu ya d. Ngome ya Nyeupe ikaingia d8 ikisaidiwa na askofu wa g5, ikawa mati. Watu humsifu Morphy kwa kumtoa malkia, na sifa hiyo anastahili. Hata hivyo, mimi kila ninapourudia mchezo ule nawatazama zaidi wale wawili: kete zao kadhaa zilibaki kwenye nyumba zake tangu mwanzo, na farasi yule mmoja alibebeshwa kazi mbili kwa wakati mmoja. Makosa hayo ni yetu ya kila siku.

#3. Mchangiaji

Mkuu, hoja nimeielewa na mfano nimeucheza ubaoni. Nina shida moja tu ambayo nadhani wengi tunayo. Nimefumbua mafumbo mengi mno, na mafumbo ya mati ya hatua mbili siku hizi nayaona kabla hata sijakaa sawasawa. Lakini nikiingia kwenye mchezo wenyewe, ninaacha askofu aliwe bure kana kwamba ndiyo kwanza nimejifunza jinsi anavyokwenda. Je, tatizo ni mafumbo au ni mimi?

#4. Mwanzisha uzi

Ndugu, tatizo ni kengele. Fumbo linapofunguka mbele yako, tayari umeshaambiwa mambo matatu ambayo mchezo hauwezi kukuambia: kwamba kuna kitu, kwamba kipo sasa hivi, na kwamba kipo upande wako. Mchezoni hakuna anayekugonga bega. Isitoshe, fumbo hukuzoeza kushambulia, na askofu wako haliwi kwa sababu hukujua kushambulia. Analiwa kwa sababu hukutazama hatua ya mwenzako ilikuwa inafanya nini.

Hapa inafaa kujua mafumbo haya yanavyotengenezwa. Nitatoa mfano wa Lichess, tovuti ya kuchezea sataranji, kwa sababu hazina yake ya mafumbo iko wazi kwa umma na mtu yeyote anaweza kuipakua. Ni zaidi ya mafumbo milioni 4, na yote yametoka kwenye michezo iliyochezwa hapohapo na watumiaji, wengi wao wakiwa watu kama mimi na wewe. Injini ya Stockfish, yaani programu ya kompyuta inayochambua sataranji, hupitishwa juu ya michezo hiyo ikitafuta mahali ambapo hatua moja ilibadilisha hali ghafla, na ambapo upande wa pili una njia moja tu iliyo bora kwa mbali. Kwa sababu hiyo, kila hatua ya mfumbuaji katika jibu huwa ndiyo pekee inayofaa. Ukicheza nyingine, hali yako inaharibika kwa kiasi kikubwa. Wameruhusu hali moja tu ya tofauti: mati ya hatua moja, ambapo mati yoyote inakubaliwa.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba mkao unaohifadhiwa kwenye hazina hiyo ni ule uliokuwapo kabla ya kosa. Hatua ya kwanza katika orodha ni ya mpinzani, nayo ndiyo kosa lenyewe. Ukifungua fumbo, unaona kete ya mpinzani ikisogea mbele ya macho yako, kisha zamu inakuwa yako. Sekunde ile ya kusogea ndiyo darasa, na sisi tunaitumia kuweka sawa kiti.

Kwa hiyo ninachofanya ni hiki. Kabla ya kutafuta jibu, nasema kwa sauti hatua ya mwisho ilikuwa ipi na mwenye kuicheza alitaka nini. Karibu kila mara alitaka kitu cha maana: kukimbiza kete, kushambulia, kula. Kisha najiuliza kete ile ilipoondoka iliacha kulinda nini, ilifungua njia ipi, na huko ilikokwenda imeziba nini. Mara nyingi, nikishajibu hayo, jibu la fumbo halihitaji tena kutafutwa. Kuna faida ya pili pia, na nadhani ndiyo itakayokusaidia: maswali hayo ni yaleyale unayopaswa kujiuliza kuhusu hatua yako mwenyewe kabla hujaigusa kete. Anayeyazoea upande wa mpinzani huyahamishia upande wake bila kujilazimisha sana.

#5. Mchangiaji

Naomba niongeze mfano kwa wale wanaoanza, maana huo wa malkia na farasi una hatua nyingi kidogo. Kitunda e4, kitunda e5. Malkia mweupe anaruka moja kwa moja hadi h5, farasi mweusi anakwenda c6 kulinda kitunda cha e5, askofu mweupe anakwenda c4. Nyeusi anaona malkia wa watu yuko katikati ya uwanja, anamfukuza kwa farasi f6. Malkia anakula kitunda cha f7, mati.

Tukitumia maswali ya mwanzisha uzi: hatua ya mwisho ilitaka nini? Ilitaka kumshambulia malkia, na kweli ilimshambulia. Ubaya wake ni kwamba haikujibu swali lililokuwa limeulizwa na askofu wa c4. Nimewafundisha watoto wengi mchezo huu, na sijaona mtoto aliyefanya kosa hilo kwa uzembe. Kila mmoja alifurahi kwamba amepata hatua nzuri. Ndiyo sababu mimi siwaambii "uwe mwangalifu", kwa kuwa mtoto anajiona tayari ni mwangalifu. Nawauliza askofu yule alikuja c4 kutafuta nini.

#6. Mchangiaji

Niruhusuni nipinge kidogo. Mafumbo ya aina hii yanamfundisha mtu kuishi kwa makosa ya mwenzake. Aliyepata ile mati ya f7 mara tatu hujenga tabia ya kumtoa malkia mapema kila mchezo, na siku akikutana na anayejua kujilinda anakimbizwa ubao mzima huku mwenzake akitoa kete zake moja baada ya nyingine. Michezo ya mabingwa inamzoeza mtu kutazamia hatua nzuri kutoka upande wa pili. Michezo ya kawaida inamzoeza kutazamia hatua mbaya. Mnalionaje hilo?

#7. Mwanzisha uzi

Pingamizi lako nalikubali zaidi ya nusu, na ningependa nilijibu kwa mfano mmoja kwa urefu, kwa sababu mimi mwenyewe mfano huu ulinidhalilisha.

Katika karne ya 18 aliishi Ufaransa mchezaji aliyeitwa Sire de Légal, mwalimu wa Philidor, mchezaji mashuhuri wa enzi hizo, na jina la Légal limebaki kwenye mati ifuatayo. Kitunda e4, kitunda e5. Farasi mweupe f3, kitunda cheusi d6. Askofu mweupe c4, askofu mweusi g4, ambaye sasa amembana farasi wa f3, kwa kuwa farasi huyo akiondoka malkia wake wa d1 anabaki wazi. Farasi wa pili wa Nyeupe anatoka c3, na Nyeusi anasogeza kitunda g6.

Sasa farasi aliyebanwa anaondoka hata hivyo: anakula kitunda cha e5 na kumwacha malkia aliwe. Nyeusi akimla malkia, askofu mweupe anakula f7 kwa cheki, mfalme hana pengine ila e7, na farasi wa c3 anaruka d5. Mati. Malkia ameliwa na mchezo umekwisha. Nyeusi akiwa na busara na kumla farasi wa e5 badala ya malkia, malkia mweupe anamla askofu wa g4, na Nyeupe anabaki na ziada ya kitunda kimoja. Kwa vyovyote, hatua ya farasi ni sahihi.

Fumbo hili nililifumbua, nikalikariri, nikalipenda mno. Nikawa nalingoja mchezoni kama mvuvi anavyongoja samaki. Siku moja likaja: farasi f3, askofu c4, farasi c3, askofu mweusi g4, kila kitu mahali pake. Nikala e5 bila kupepesa. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba badala ya kitunda kwenda g6, mpinzani wangu alikuwa amemtoa farasi wake c6. Farasi huyo alinila pale e5, na sasa akawa anamlinda askofu wa g4, kwa hiyo nikimla askofu malkia wangu analiwa. Juu ya hayo alikuwa anamtishia askofu wangu wa c4, na malkia wangu bado alikuwa anashambuliwa. Nilipoteza farasi kwa kitunda, nikacheza hatua ishirini zaidi kwa sababu ya aibu tu.

Basi, ndugu wa #6, nakubali kwamba fumbo lililokaririwa kama picha hufanya uliyoyasema. Lakini tazama kilichokosekana kwangu. Sikujiuliza kitunda cha g6 kilikuwa na kosa gani. Ningejiuliza, ningeona kwamba kosa la hatua ile halikuwa katika kitunda chenyewe. Ilikuwa zamu iliyopotea: Nyeusi alikuwa na nafasi ya kukilinda e5 kwa farasi, akaitumia kwa jambo jingine. Aliyelielewa kosa hilo angejua kwamba farasi akiwa c6, fumbo halipo. Mimi nililijua jibu bila kujua sababu yake, na jibu la namna hiyo ni hatari kuliko kutojua kabisa, maana asiyejua angalau hangethubutu kumwacha malkia.

Tangu siku ile nimejiwekea zoezi. Nikishafumbua fumbo, nabadilisha jambo moja dogo kwenye mkao, kitunda kimoja au kete moja, na kujiuliza kama jibu bado linasimama. Ni kazi ya dakika mbili, na huwa inafundisha zaidi ya fumbo lenyewe.

#8. Mchangiaji

Mwanzisha uzi, swali fupi. Alama za mafumbo zinahusianaje na alama za mchezo? Mimi kwenye mafumbo niko juu sana, mchezoni niko chini, na rafiki zangu wananicheka. Na je, kwa siku nifumbue mangapi?

#9. Mwanzisha uzi

Usijisumbue. Alama za kiwango zinatokana na fikra iliyoanzishwa na Arpad Elo, ambayo FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, iliikubali mwaka 1970: unapata au kupoteza kulingana na nguvu ya uliyecheza naye. Lichess hutumia mfumo wa Glicko-2 wa Mark Glickman, na kwenye mafumbo, fumbo lenyewe linahesabiwa kama mpinzani. Ukilikosa limekushinda, na alama zake zinapanda. Hivyo ulizonazo zinapima ushindani wako na mafumbo, ambapo unaweza kukaa muda wote upendao bila saa kukufukuza. Mizani hizo ni mbili tofauti, na rafiki zako wanacheka bure.

Kuhusu idadi, mimi nafumbua machache, kumi au pungufu, na yale ninayoyakosa nayarudia baada ya siku chache mpaka niweze kusimulia kosa la mpinzani kwa maneno. Mafumbo ya haraka ya dakika tatu ni burudani nzuri, nami nayacheza, lakini siyahesabu kuwa masomo.

#10. Mchangiaji

Nami nina mmoja wa kuchangia, unaonyesha kosa la kula bila kutazama. Kitunda e4, kitunda cheusi c5. Nyeupe anasogeza d4, Nyeusi anakila. Farasi mweupe f3, na Nyeusi anasogeza kitunda e5 kulinda kitunda chake cha d4. Nyeupe anaona kitunda cha e5 hakina mlinzi, farasi anakila. Nini kinafuata?

Malkia mweusi anakwenda a5. Ni cheki, kwa kuwa kitunda cha d2 kilishaondoka na mshazari kutoka a5 hadi e1 uko wazi; na kwa kuwa kitunda cheusi cha c7 nacho kiliondoka, malkia amepata mlango wa kutokea, na anatazama mstari mzima wa 5 hadi kwa farasi wa e5. Nyeupe atajibu cheki kwa namna anayotaka, farasi analiwa.

Kinachonivutia hapa ni kwamba kitunda cha e5 kweli hakikuwa na mlinzi. Nyeupe alihesabu vizuri. Alichosahau ni kuhesabu upya baada ya kula: farasi wake sasa amesimama mahali ambapo yeye naye hana mlinzi, na mfalme wake ana mshazari ulio wazi. Kete isiyolindwa pamoja na mfalme anayeweza kupewa cheki ni karibu kila mara fumbo linalosubiri mtu.

#11. Mwanzisha uzi

Sentensi yako ya mwisho nitaiandika kwenye daftari langu. Na kwa kuwa tumefika kwenye daftari, niseme jambo ambalo nilikusudia kulisema tangu mwanzo.

Mafumbo bora ya kila mmoja wetu yamo kwenye michezo aliyoshindwa. Lichess ina sehemu inayotafuta mafumbo yaliyotokana na michezo ya mchezaji fulani, kwa hiyo unaweza kujitafutia yako. Mara ya kwanza nilipoifungua nilikuta mafumbo ambamo mimi ndiye niliyefanya kosa, na watu nisiowajua walikuwa wameyafumbua kwa starehe zao. Sikupenda kujiona vile. Lakini baada ya kuyapitia niligundua kwamba makosa yangu si ya aina mia. Ni ya aina tatu: naondoa kete iliyokuwa inalinda mstari wa nyuma, namrudisha farasi bila kutazama alichokuwa anaziba, na nakula kitunda cha b2 au b7 kwa malkia kisha nakosa njia ya kumrudisha nyumbani.

Asiyetumia mtandao anaweza kufanya vilevile kwa kalamu. Andika hatua za mchezo wako, na ukishindwa usikimbilie injini. Tafuta mwenyewe hatua ambayo kabla yake ulikuwa salama na baada yake hukuwa. Chora mkao wa kabla ya kosa, si wa baada. Upande wa nyuma wa kadi andika ulichokuwa unataka ulipocheza hatua ile, na kwa nini hakikuwezekana. Kisha, na hili ni muhimu kwa ajili ya ile kengele niliyoisema, changanya kadi hizo na nyingine za mikao ya kawaida isiyo na mbinu yoyote. Ukiivuta kadi usijue kama ina kitu au haina, umekaribia kabisa hali ya mchezo wenyewe. Injini ije mwishoni, kuthibitisha.

#12. Mchangiaji

Nimekuwa nikifuatilia kimya. Kuna utafiti unaoungana na mnayoyasema. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon walichapisha majaribio ambamo wachezaji wa viwango tofauti, kuanzia bingwa hadi anayeanza, walionyeshwa mkao wa ubao kwa sekunde tano kisha wakatakiwa kuupanga upya kwa kumbukumbu. Mkao ukiwa umetoka kwenye mchezo halisi, bingwa aliwaacha wenzake mbali. Kete zilipotawanywa ovyo, faida yake ilikaribia kutoweka. Maana yake ni kwamba bingwa hana kichwa chenye nafasi kubwa kuliko chetu. Ana mikusanyiko ya kete anayoitambua kwa mara moja, kama msomaji anavyolitambua neno bila kulisoma herufi kwa herufi.

Kwa hiyo mkao wa fumbo uwe unaofanana na mikao utakayokutana nayo. Mfalme aliyejificha nyuma ya vitunda f2, g2 na h2 visivyosogezwa, ngome iliyoondoka mstari wa 1, farasi mmoja anayelinda vitu viwili: hayo utayaona kila wiki. Yale mafumbo ya kutungwa, yenye farasi watano na mfalme katikati ya ubao, ni sanaa ya kupendeza, ila kwa mchezaji anayejenga msamiati ni kama kujifunza maneno ambayo hakuna anayeyasema.

#13. Mwanzisha uzi

Nashukuru sana kwa mchango huo. Niache fumbo moja kwa wote. Kitunda d4, kitunda d5. Kitunda cheupe c4, kitunda cheusi e6. Farasi mweupe c3, farasi mweusi f6. Askofu mweupe g5, ambaye anambana farasi wa f6 kwa malkia wa d8. Farasi wa pili wa Nyeusi anakwenda d7. Vitunda vinaliana pale d5: Nyeupe anakula kwa kitunda cha c, Nyeusi analipiza kwa kitunda cha e. Sasa Nyeupe anamtumia farasi wa c3 kula kitunda cha d5, akisema moyoni kwamba farasi wa f6 amebanwa hawezi kumgusa. Zamu ya Nyeusi. Msiandike jibu peke yake; andikeni na kosa.

#14. Mchangiaji

Mimi ndiye yule wa #3, ngoja nijaribu. Farasi wa f6 anamla farasi wa d5 hata kama amebanwa. Askofu mweupe anamla malkia d8. Kisha askofu mweusi anatoka f8 hadi b4, cheki, na mfalme mweupe hana pa kwenda wala kete ya kumkinga isipokuwa malkia wake kwenye d2. Askofu anamla malkia huyo kwa cheki, mfalme anamla askofu, mfalme mweusi anamla askofu wa d8. Nimehesabu mara mbili: malkia kwa malkia, askofu kwa askofu, na Nyeusi amebaki na ziada ya farasi mzima dhidi ya kitunda kimoja.

Kosa ni farasi kuondoka c3. Pale alikuwa anaziba mshazari wa b4 hadi e1, na alipoondoka hakubaki wa kumkinga mfalme ila malkia. Nimeongeza na lile zoezi lako la kubadilisha jambo moja: nimemwondoa askofu mweusi wa f8 na kumweka e7. Askofu akiwa e7 farasi hajabanwa tena, kwa kuwa nyuma yake kwenye mshazari huo yupo askofu badala ya malkia, kwa hiyo Nyeupe asingekula d5 kabisa. Nadhani Nyeupe wa fumbo hili alikuwa amefumbua mafumbo mengi sana ya kete zilizobanwa.